Wimbo Usiosikiwa na Mkamwana

Dorah alirudisha sauti nyuma kidogo, akasikiliza tena. Jogoo aliwika, mchi ukagonga kinu mahali fulani mbali, kisha mzee akaendelea kueleza kwa Kisumbwa jinsi ya kumtega nguruwe pori bila kumvunja mguu mpita njia. Humo hamkuwa na siri wala aibu. Akalihamisha faili hilo kwenye kompyuta na kuliweka katika fungu la kwanza, la sauti zinazoweza kurushwa mchana kweupe hata kama mkwe wako amekaa sebuleni.

Fungu la pili lilikuwa la sauti za kuuliza kwanza. La tatu hakuwa amelipa jina. Lilikuwa na faili moja tu, na tangu Jumanne hakuthubutu kuligusa.

Marwa, mtangazaji wa kipindi cha salamu, alichungulia mlangoni.

"Dada Dorah, huu wa wawindaji naruhusiwa kuupiga?"

"Usipige chochote ambacho hujaniuliza."

"Sasa si ndiyo nakuuliza?"

"Basi jibu ni hapana."

"Na ule wa Jumanne?"

"Marwa!"

"Haya, naondoka. Lakini dada yangu, Mungu ananiona, mimi nilijua ni wa kanisani. Umechangamka, wanawake wanaitikiana, mmoja anacheka katikati. Kwetu Tarime mtu akiimba vile ujue ameokoka."

Siku nyingine Dorah angecheka mpaka ashike mbavu. Leo alimwashiria tu kwa mkono afunge mlango.

Redio Igembe ilikuwa redio ndogo ya jamii hapa Segese. Vyumba vyake viwili vilibandikwa vipande vya magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Jioni, wachimbaji walipotoka maduarani, yale mashimo yao ya dhahabu, na akina mama walipokuwa jikoni, Dorah aliendesha kipindi kilichopendwa kuliko vyote. Mzee alisimulia kwa lugha yake, Dorah akaeleza kwa Kiswahili, na mtoto aliyezaliwa kambini akasikia kwa mara ya kwanza namna bibi yake alivyokuwa akizungumza alipokuwa msichana. Dorah mwenyewe alikuwa Msukuma wa Tinde. Kisumbwa alijifunza neno moja moja, akikaa na wanawake wakipepeta, akikosea, akichekwa, akirudia. Hakukuwa na mwalimu wala kitabu.

Na sasa Kisumbwa hicho hicho kilikuwa kimemwangusha.

Jumanne, saa ya salamu, msikilizaji mmoja wa Ushetu alituma meseji kuwa mkewe amejifungua mapacha salama salimini. Marwa, ambaye hajui Kisumbwa hata cha kuombea maji ya kunywa, alitafuta kwenye kompyuta neno "mapacha". Akakuta faili la Dorah: Nyimbo za mapacha, Mama Kulwa. Akalipiga lote, na katikati akapaza sauti kwa furaha, "Hongereni sana wazazi!"

Nyimbo zile si za kubembeleza watoto. Mapacha wakizaliwa, wanawake waliowahi kuzaa mapacha hukusanyika, wakaimba yasiyosemwa siku nyingine yoyote. Kilicho chini ya nguo hutajwa kwa jina lake. Baba wa watoto hufanyiwa dhihaka, mama huchokozwa, wote hucheka, na kicheko hicho ndicho kinachofukuza balaa lisiwasogelee wale wawili. Siku hiyo matusi ni dawa. Siku nyingine, mbele ya masikio yasiyostahili, ni uchafu. Na katika masikio yote yasiyostahili, hakuna linalolizidi sikio la mkwe.

Marcel, mume wa Doto binti wa Mama Kulwa, alikuwa na mashine ya kusaga karibu na soko, na nje alitundika spika kubwa ili wateja wasichoke kusubiri. Aliposikia sauti ya mama mkwe wake ikitaja yale iliyoyataja, aliiacha mashine ikisaga mahindi ya mtu, akatoka bila kuaga. Mama Kulwa mwenyewe alikuwa sokoni, akichagua dagaa. Alisimama akajisikiliza. Watu walianza kugeuka. Akaliweka kapu lake chini, akaondoka, na kapu likabaki pale pale.

Mama Kulwa ndiye aliyemzaa Valerian, mpenzi wa Dorah.

Washenga waliokuwa waende Tinde Jumapili walirudishwa. Baba mkubwa wa Valerian alipiga simu kwa baba yake Dorah na kusema safari imeahirishwa, bila kutaja ni hadi lini.

"Hodi humu."

Dorah hakugeuka. Sauti ile angeitambua hata katikati ya makarasha yanayoponda mawe. Moyo ulimwenda mbio, na alichukia kwamba ulikwenda mbio.

Valerian aliingia akasimama karibu na mlango. Alikuwa fundi wa pampu zinazovuta maji maduarani, na kila alipokuja kumwona Dorah aliosha mikono hadi viwiko kwanza. Leo hakuwa ameosha. Tope jekundu lilimkaukia mikononi, na macho yake mapana, yale ambayo Dorah huyakumbuka akiwa peke yake, yalikuwa yameingia ndani.

"Hupokei simu," alisema.

"Nikipokea utaniambia nini? Kwamba umeongea na mama?"

"Mama anakuja."

"Wapi?"

"Hapa. Nimemwacha pale kwa fundi cherehani anapumzisha mguu. Nimesema nitangulie nikuone."

Dorah alisimama, akaketi tena. "Anakuja kunitukana?"

"Mama hatukani mtu."

Walitazamana. Kwa kitambo kidogo kicheko kiliwapitia wote wawili machoni, maana tangu Jumanne Segese nzima ilijua Mama Kulwa anaweza nini akitaka. Kisha kikazimika.

"Unajua kilichoniuma?" Valerian aliuliza. "Nilikuwa kwenye duara, redio ipo kwenye simu ya mwenzangu. Nikasikia sauti ya mama yangu. Nikafurahi, Dorah! Nikawaambia, huyo ni mama, ongezeni sauti. Mimi sikuelewa hata mstari mmoja. Mzee mmoja Msumbwa ndiye aliyekuja kuizima, akaniambia, kijana, kaa kimya, hujui unachokisikia. Mimi, mtoto wake. Nimekulia kambini, nimejua Kiswahili na Kisukuma cha mitaani. Wewe wa Tinde umeelewa yote. Mimi nimeelewa kwamba watu wananitazama."

"Valerian..."

"Ngoja. Sina muda. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, ufute hilo faili sasa hivi, akifika akute halipo."

"Na la pili?"

Valerian alisogea, akaweka mkono juu ya kiti cha Dorah. Hakumgusa, ila Dorah alilisikia joto la mkono ule mgongoni kama jiko lililo karibu.

"Akikuuliza tulianza lini, sema baada ya mavuno."

"Tulianza mvua za kwanza."

"Najua."

"Na nyimbo alinirekodia wakati wa palizi."

"Najua, Dorah! Ndiyo maana nasema useme baada ya mavuno. Ukisema hivyo, siku ile ulikuwa mtu baki. Mtu baki akisikia nyimbo zile haina neno, atapewa ugali na kuaga. Lakini mkamwana! Mkamwana hamsikii mama mkwe akiimba vile. Akisikia, wataketi vipi jiko moja? Ataupokeaje uji mkononi mwako?"

"Nani aliyenipeleka siku ile?" Dorah aliuliza kwa sauti ya chini. "Si wewe, kwa pikipiki yako? Ukamwambia, 'Mama, huyu ni dada wa redio.' Dada wa redio! Nimevaa kitenge ulichoninunulia Kahama."

"Ulitaka nyimbo. Ulinisumbua mwezi mzima. Nikasema akijua wewe ni nani hataimba."

"Nami nikakubali."

"Wote tulikubali. Sasa tukubali na hili moja, yaishe."

"Yataisha vipi? Nianze nyumba kwa kumdanganya mama yako mara ya pili?"

"Uanze nyumba, Dorah! Uanze! Ukisema kweli hakuna nyumba ya kuanza." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mimi sina mwingine. Usiniulize kama nitapata mwingine, sitaki. Futa, useme neno moja, twende Tinde."

Dorah aliitazama ile mikono yenye tope. Alitaka kuishika aioshe. Alitaka kusema sawa. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, lilikwisha kumfika ulimini.

"Mle ndani yumo Bibi Nyamizi," alisema badala yake. "Aliyekuwa akimwitikia mama yako. Tumemzika kiangazi hiki. Waliobaki ni wawili, nao wanakumbuka viitikio tu. Nikifuta, Valerian, mapacha watakaozaliwa mwakani wataimbiwa nini? Wataimbiwa bongo fleva?"

"Wataishi. Watoto wanazaliwa hospitali siku hizi."

"Wewe uliyezaliwa baada ya mapacha unasema hivyo?"

Nje kandambili ziliburuzika juu ya changarawe, na sauti ya mwanamke ikapiga hodi.

Dorah alipiga goti kabla mlango haujafunguka wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Kulwa alijibu, akiutazama ukuta wa magodoro. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, kitenge chake kimefungwa barabara. Alikaa kwenye kiti alichosogezewa, upande ambao uso wake haukukutana na wa Dorah. "Shija."

Ndivyo alivyomwita Valerian tangu utoto. Shija ni mtoto anayefuata nyuma ya mapacha.

"Naam, mama."

"Mwulize huyu binti, wimbo wangu uko wapi."

Valerian alitazama huku na huku. Kati ya wanawake hao wawili hapakuzidi hatua tatu. "Mama, si yupo hapa anakusikia?"

"Nimekutuma umwulize."

Dorah alielewa kabla ya Valerian kuelewa. Mama Kulwa hakuwa anamdharau. Alikuwa anaweka mpaka ambao Dorah na Valerian waliuvunja bila kumwambia: mama mkwe na mkamwana walioaibishana hawasemezani mdomo kwa mdomo.

"Dorah, mama anauliza wimbo wake uko wapi."

"Upo kwenye kompyuta."

"Anaufuta sasa hivi, mama," Valerian aliongeza haraka. "Umekuta ndiyo anaufuta."

"Sijaufuta," Dorah alisema. "Wala sikuwa naufuta."

Valerian alifumba macho.

Mama Kulwa alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua. "Mwulize la pili. Siku ile alipokuja kwangu na kirekodi chake, akala ugali wangu, akanishika mikono kunishukuru. Mwulize, siku hiyo alikuwa tayari na wewe?"

"Mama, hayo mambo ya..."

"Shija. Sikukuuliza wewe."

Valerian aligeuka polepole. Sasa alikuwa anamtazama Dorah uso kwa uso, mama yake akiwa nyuma, na macho yake yalisema kila kitu ambacho kinywa hakikuruhusiwa. Baada ya mavuno. Sema tu, mpenzi wangu. Baada ya mavuno. Dorah hakuwahi kumwona akiomba kitu. Huyu ndiye mtu aliyeshuka kwenye duara lililojaa maji kutoa pampu ya mwenzake, akatoka akiwa anapiga mluzi.

"Anauliza," alisema kwa shida, "siku ile... kama tulikuwa tayari."

Feni iligeuka juu ya vichwa vyao. Kwenye chumba cha pili Marwa alikuwa anasoma salamu kutoka kwa mtu wa Tinde kwenda kwa shemeji zake wote.

"Mwambie ndiyo," Dorah alisema. "Tulikuwa tayari tangu mvua za kwanza. Nilijua ni mama yako. Nilijua akinijua hataimba. Nikanyamaza ili aimbe."

Valerian hakupeleka ujumbe ule. Alibaki amesimama kama mtu aliyeona kamba ikikatika na ndoo ikienda chini.

"Toka nje, Shija," Mama Kulwa alisema.

"Mama, nisikilize kwanza, kosa ni langu, mimi ndiye..."

"Kosa lako nalijua, litasubiri. Toka. Yapo maneno ambayo wanaume hawayasikii."

Alitoka. Alipompita Dorah nguo zao ziligusana, na mguso ule mdogo ulimchoma kuliko maneno yote.

Wakabaki wawili, mjumbe hayupo. Dorah aliendelea kupiga goti, na goti lilianza kuuma. Mwisho yule mama akainua macho, akaitazama maiki iliyosimama mezani kwenye mguu wake wa chuma.

"Wewe chuma," aliiambia, "umenivua nguo sokoni."

Dorah naye akaigeukia maiki. "Wewe chuma, mwambie mama si wewe uliyemvua. Ni mimi niliyeweka jina kwenye faili bila kuandika kwamba halipigwi. Marwa hakujua. Mimi nilijua."

"Chuma, mwambie huyo kwamba mkwe wangu Marcel sasa anazungukia kwenye mashamba ya watu ili asipite mlangoni kwangu. Doto amekuja kwangu na wanawe. Anasema mumewe akimtazama anaona uso wangu, anaacha kula. Kijana mwema yule. Hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Leo mimi ndiye niliyemvunjia."

"Chuma, mwambie mama nitakwenda kwa Marcel kumwomba radhi."

"Mwambie asithubutu! Aende amwambie nini, 'Samahani kwa yale uliyoyasikia'? Amkumbushe? Ya Marcel yana wenyewe, wazee watakutana, ataletewa chake na atarudi kula." Alipumua. "Hilo linaponyeka. Ninalouliza ni jingine. Nyamizi naye umemmeza?"

"Yumo, mama." Dorah alisahau kuiambia maiki, akajirekebisha. "Chuma, mwambie yumo."

"Anasikika?"

"Anasikika vizuri. Kabla ya kiitikio cha mwisho anacheka, anashindwa kuendelea, mama anamngoja."

Kitu kililegea kidogo begani mwa Mama Kulwa. "Nyamizi hakuweza kuimba ule bila kucheka. Tangu tukiwa wasichana. Siku aliponiimbia mimi, Kulwa na Doto wana siku chache, alicheka mpaka akakaa chini." Alilainisha pindo la kitenge. "Kulwa hakuimaliza masika ile, tulimzika. Lakini siku ile aliimbiwa. Alipokelewa kama watu wanavyopokelewa."

Dorah alinyanyuka. Bila kusema kitu alichukua hedifoni, akaiweka juu ya meza karibu na mkono wa yule mama, akalifungua faili, akasogea hadi ukutani. Hakutaka kusikia. Kwa mara ya kwanza aliona haya ya kweli kuzisikia.

Mama Kulwa alivaa hedifoni kwa kuihofia, kama mtu anayevalishwa kofia ya mgodini. Sauti ikaanza. Dorah hakusikia kitu, ila aliona. Midomo ya yule mama ilianza kutembea. Kidole kikagonga goti. Macho yakatazama mlangoni upesi kama yupo mtu, yakarudi. Kisha, ghafla, mkono ukafunika mdomo, mabega yakatikisika, na Dorah akajua kwamba Nyamizi amecheka. Mama Kulwa alicheka naye. Alicheka mpaka machozi yakampitia kati ya vidole, na baadaye hakukuwa tena na kicheko, yalibaki machozi.

Alivua hedifoni akaiweka chini polepole sana.

"Usifute," alisema.

Hakuiambia maiki. Alimwambia Dorah.

"Lakini nisikilize sasa, maana nimechoka kuongea na chuma. Mkamwana hasikii nyimbo za mama mkwe. Wewe umesikia. Siwezi kukutoa masikio. Kama ungenidanganya hapa, kwamba mlianza baadaye, ningekuwa nimekwisha kuondoka, kwa sababu mwanamke wa pale sokoni aliwaona kwenye pikipiki tangu mvua za kwanza, na juzi akaniambia. Niliimba nikijua una mpenzi. Sikujua kwamba mpenzi mwenyewe ni mwanangu." Alijipangusa uso. "Sasa chagua. Mwenye kutunza nyimbo hizi awe mtu baki, azitunze, azisikilize, awafunze wengine, aachane na Shija. Au uwe mke wa Shija, na nyimbo apewe mwingine, wewe usizisikie tena mpaka nife. Vyote viwili huwezi kushika."

Dorah aligeuza uso. Nje, kupitia dirisha dogo, aliuona mgongo wa Valerian. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, mikono kichwani. Aliuona na ukosi wa shati lake uliochanika, ambao aliahidi kumshonea.

"Apewe nani, mama?" aliuliza. "Nani mwingine anazijua?"

"Hayupo."

"Basi nikichagua mwanao, nyimbo zimekufa. Nikichagua nyimbo..." Aliutazama tena ule mgongo. "Nampenda, mama. Sijui kusema kwa adabu zaidi ya hapo. Nikilala nasikia pampu zinavuma, najua yuko huko chini, silali. Usinichagulishe hivyo. Mkamwana akisikia kwa bahati mbaya, wazee wenu walifanya nini? Haijawahi kutokea, tangu dunia iumbwe?"

Mama Kulwa alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alimtazama hasa, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kama mtu anayepima mbuzi mnadani.

"Ilitokea," alisema mwisho. "Kwa mke wa kaka yangu. Alijificha nyuma ya ghala akasikiliza. Walimkamata."

"Wakamfanya nini?"

"Wakamwingiza. Aliyesikia akiwa nje, dawa yake ni kuingizwa ndani. Wanawake wa mapacha wanakuketisha katikati, wanakuimbia wewe. Wanakutukana kuanzia asubuhi, wewe na ukoo wako, na Tinde yenu, na hayo masikio yako. Hukasiriki, hulii. Na kila mstari unajibu. Unaimba, palepale, kwa Kisumbwa, mbele yangu. Unanitukana mimi, mama mkwe wako, mpaka wenzangu waseme yatosha. Ukishindwa, unaondoka na hurudi mlangoni kwetu. Ukiweza, umekuwa mmoja wetu, hakuna cha mkwe humo."

"Mimi nikutukane wewe?"

"Umeshanivua nguo hewani, unaogopa kunitukana chumbani?"

"Lakini, mama... nimemtukana nani mimi tangu nizaliwe?"

"Utaanza na mimi." Alisogeza kiti, akamwashiria Dorah akae, goti kwa goti. "Sijasema ndiyo. Wenzangu wawili wale wakikataa, nami nimekataa. Na mwenzangu mmoja anawachukia Wasukuma, anasema mmetumaliza lugha kwa wingi wenu. Huyo ndiye atakayekuanza. Haya. Nakupa wa kwanza, unijibu."

Akaimba mstari mmoja kwa sauti ya chini. Ulimhusu msichana wa Tinde, na kitu alichokwenda kutafuta maduarani, na kwa nini alikipata. Damu ilimpanda Dorah usoni mpaka masikio yakawaka. Alifungua mdomo. Jibu alilijua. Alikwisha kulitafsiri neno kwa neno, akaeleza pembeni nini maana yake. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kulitoa kinywani, mbele ya mwanamke aliyemzaa Valerian, ni kitu kingine.

Alitoa nusu ya kwanza, kwa sauti nyembamba.

"Hiyo ni ya harusini," Mama Kulwa alisema. "Tena."

Akarudia.

"Bado. Unaomba radhi. Nani kakwambia uombe radhi? Tena."

Alirudia mara ya tatu, ya nne. Sauti ilianza kukaa kifuani. Kila alipofika kwenye neno lenyewe, lile lililomfanya Marcel aache mashine ikisaga, ulimi uligoma. Mama Kulwa hakumsaidia. Alimngoja tu, uso mkavu, na Dorah hakuweza kujua kama anamngojea afaulu au ashindwe.

Jua lilipofika kwenye dirisha la magharibi yule mama alisimama, akashika kiuno.

"Mguu umekufa ganzi. Kesho uje kwangu mapema, upepete ukiimba, jua lisije likakukuta umekaa. Na usije na hicho chuma chako. Humu unaweka sauti za waliokufa, sawa. Wewe bado hujafa."

"Ndiyo, mama."

"Na umwambie yule aliyechuchumaa nje asikuulize tumesema nini."

Alitoka akichechemea, akampita mwanawe bila kumtazama, akashika njia. Valerian alisimama, akamtazama mama yake akienda, akamtazama Dorah mlangoni. Hakujua amfuate nani. Dorah alimwonyesha kwa kidevu: mfuate mama.

"Dorah, niambie neno moja tu. Amekataa?"

"Hajakataa. Hajakubali."

"Sasa mmefanya nini muda wote huo? Nimesikia kama mnaimba."

"Nenda, mama yako mguu unamuuma."

"Nitakuona kesho?"

Alitaka kumjibu. Lakini midomo yake ilikuwa imerudi kazini, na alichokuwa anakinong'ona hakikuwa cha masikio ya mwanaume. Valerian alisimama sekunde moja zaidi, macho yao yakashikana, kisha akaisukuma pikipiki bila kuiwasha, akimfuata mama yake polepole kandokando ya barabara.

Dorah alirudi ndani, akazima kompyuta na mafungu yake matatu kama yalivyokuwa. Nusu ya kwanza ya mstari sasa ilitoka bila kutetemeka. Aliimba tena, akafika kwenye neno, akasimama.

Lilikuwa bado.